Uzoefu wangu: kisukari aina ya pili, kupunguza wanga, na dokta ambaye hakutaka kusikia

Niseme mapema hii ni kisukari aina ya pili, sio ya kwanza, na mimi sio daktari, ni mama tu wa Mwanza nauza vitenge, ila hii habari ya kula wanga kidogo nimeishi nayo zaidi ya mwaka na watu wananiuliza kila siku kwa hiyo naandika yaishe.

Nilipogundulika HbA1c ilikuwa asilimia 10.2, kwa wasiojua ni kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu iliyopita, ukifika 6.5 kwenda juu hicho tayari ni kisukari. Nikaanzishiwa vidonge viwili vya kushusha sukari, metformini na glibenklamaidi, pamoja na ule ushauri tunaoujua wote, acha soda, kula dona badala ya sembe, uji wa ulezi. Nikafuata vyote. Sukari ikashuka kidogo ikagoma hapo, asubuhi kipimo cha kidole kinasoma 9, mara 10 (hizi ni mmol/L, sio asilimia kama HbA1c), na hapo chai nakunywa ya rangi bila sukari hata chembe.

Kilichonifungua macho ni mashine ya kupimia. Ukienda kununua usiangalie bei ya mashine, angalia bei ya stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, maana mashine unanunua mara moja ila stripu ndio zinakula hela, na uulize kabisa kama duka la dawa la jirani wanazo. Napima kabla ya kula halafu masaa mawili baada ya kula. Toboa ubavuni mwa kidole, huumii sana, na unawe kwanza, ukitoka kumenya embe ukapima kidole hicho hicho itakusomea maajabu.

Sasa siku hiyo nikala ugali wa dona na mchicha, ugali wa kawaida tu wala sio mlima, kabla 7.4, baada 15.1. Kesho yake sato wa kukaanga, mchicha ule ule na nusu parachichi, ugali hakuna, kabla 7.2 baada 8.0. Nikapima tena nikidhani mashine imekosea, 7.9. Dona ina nyuzinyuzi sawa, lakini kwa mwili wangu ni wanga vile vile, uji wa ulezi ndio usiseme, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tunayotafuna huku na chai ndio ilikuwa inanimaliza kabisa.

Dokta nilimpelekea daftari la vipimo wala hakulifungua. "Mama, mwili unahitaji wanga, hayo ni mambo ya mitandaoni, utaua figo." Iliniuma. Kumbe hata Chama cha Kisukari cha Marekani kwenye ripoti yake ya lishe ya 2019 kilisema kupunguza wanga ndio kuna ushahidi mwingi kuliko njia nyingine za chakula kwenye kushusha sukari, ingawa hawakusema lishe moja inamfaa kila mtu.

Dokta wa pili, binti mdogo tu, alilisoma daftari lote. Akanipima figo, akanipunguzia glibenklamaidi KABLA sijaacha ugali, maana ile dawa inalikamua kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, hata kama hujala wanga, sukari inaweza kuporomoka ukaanguka. Hilo msilichukulie poa, msijipunguzie dawa wenyewe jamani.

Ubaya wake upo. Wiki ya kwanza kichwa kinauma, miguu inakaza usiku, choo kigumu, nilisaidika na maji mengi, supu yenye chumvi na bamia. Sato kila siku mfuko haukubali, kwa hiyo ni dagaa, mayai, maini, matembele, nyanya chungu, karanga kiasi. Msibani ndio balaa, wifi yangu akauliza mbele za watu, "huyu mboga tupu kama mbuzi?" Na lehemu (kolesteroli) mbaya ilipanda kidogo, nikapunguza samli, tunaifuatilia.

HbA1c ya mwisho 6.3. Glibenklamaidi nimetolewa, metformini bado nameza. Sijapona, nikirudia wali inarudi, kwa hiyo wale wanaoniletea unga wa mizizi wakitaka nitoe ushuhuda nimepona mnisamehe.

Wajawazito, wanaochoma insulini na wenye shida ya figo msianze bila dokta. Kula wanga kidogo naipa nyota nne kati ya tano, moja nimekata kwa sababu ya bei ya stripu.