London–New York: kwenda na kurudi si safari moja

Kati ya viwanja vya ndege vya Heathrow (London) na JFK (New York) ni kama kilomita 5,540, uende au urudi. Saa ndizo zinazotofautiana. Kwenda New York ndege hutumia takriban saa nane; kurudi London, saba au pungufu.

Chanzo ni mkondo wa upepo mkali unaovuma juu angani kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayerudi London husukumwa nao, anayekwenda New York huukabili au huzungushwa kuukwepa. Februari 2020, upepo huo ulipokuwa na nguvu za kipekee, ndege moja ya abiria ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56!

Hata hivyo, kwangu safari ndefu ndiyo nafuu. Ukiondoka London saa tano asubuhi, unatua saa nane mchana kwa saa za New York, siku ingalipo. Ile fupi mara nyingi ni ya usiku: unaondoka saa mbili usiku, unatua saa mbili asubuhi kwa saa za London, na ukitoa muda wa chakula na maandalizi ya kutua, usingizi unaobaki ni wa saa nne hivi. Ukiwa na kikao asubuhi hiyo, kisogeze hadi mchana.