Ziara ya Plymouth, Montserrat: inafaa kulipia

Ukifika Montserrat, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uingereza, usiache ziara ya Plymouth. Kisheria bado ni mji mkuu, lakini hauna mkazi hata mmoja: majivu ya volkano ya Soufrière Hills yaliuzika, watu wakahama, na ofisi za serikali sasa ziko Brades. Mwongoza watalii wetu alishika redio ya mawasiliano muda wote, maana eneo ni la hatari na huingii huko bila kibali. Alituchambulia vizuri mambo ya utawala: gavana anamwakilisha Mfalme wa Uingereza, Waziri Mkuu anatoka kwenye bunge lao, na sehemu kubwa ya bajeti hutoka London. Kwenye gati akatuonyesha mchanga wa volkano unaouzwa nje. Hapo uchumi wao ukanielea. Vumbi ni jingi mno, beba barakoa.