Uzoefu wangu na kijiti cha kutazamia video za intaneti kwenye runinga ya zamani

Runinga yetu ya sebuleni ni nzima na kioo chake hakina ila, lakini ni ya zamani na haina programu yoyote ya intaneti. Badala ya kuiuza kwa bei ya kutupa, nilinunua kijiti cha Android TV kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI. Nimekitumia tangu kabla ya Ramadhani, nami nakisifu kwa moyo mkunjufu, ila anayetaka kukinunua na ajue kwamba uzuri wake hauonekani mpaka kipate umeme wa kutosha na mawimbi ya Wi-Fi yasiyoyumba.

Nianze na umeme. Kijiti hakina betri. Hupata nguvu kwa waya wa USB, na kijana aliyekuja kutufungia aliuchomeka nyuma ya runinga kwa kuwa tundu lilikuwa karibu. Ikawa kila picha inapokolea, kijiti kinajizima na kuanza kujiwasha upya, mama ameshika rimoti akidhani ni yeye aliyebonyeza vibaya. Matundu ya USB ya runinga nyingi za zamani hutoa ampea 0.5 tu, ilhali kijiti kama hiki huhitaji ampea 1 kwa volti 5. Tulipouhamishia waya kwenye chaja yake, kwenye soketi ya ukutani, tatizo likaisha papo hapo. Onyo la namna hiyo lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi.

La Wi-Fi lilitushughulisha zaidi. Tunakaa Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye kuta nene ambazo ni rehema wakati wa joto la kaskazi lakini huzuia mawimbi vibaya sana. Ruta, yaani kifaa kinachosambaza Wi-Fi, ilikuwa chumba cha nyuma. Masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo ya kasi, hayakufika sebuleni kabisa. Yale ya 2.4 yalifika yakiwa dhaifu, tena yakigongana na ya majirani. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi ya 1080p, na faiba yetu, yaani intaneti ya waya, hutoa zaidi ya hiyo, kwa hiyo kasi ya intaneti haikuwa ya kulaumiwa, bali njia ya kupita. Tuliihamisha ruta hadi ukumbini, mkabala na mlango wa sebule, kisha tukaongeza kipande kifupi cha waya wa HDMI ili kijiti kisijifiche nyuma ya bati la runinga. Tangu hapo picha haigandi.

Faida kubwa ameiona mama. Usiku wa Ramadhani alifuatilia tarawehe ya Makka moja kwa moja kupitia YouTube, na kwa kuwa saa ya kule ni sawa na yetu, hakuhitaji kukesha wala kusubiri marudio. Watoto nao hurusha video za simu zao kwenye runinga bila waya. Kuandika nywila kwa rimoti, herufi moja baada ya nyingine, kunachosha kwa kweli. Nashauri utumie programu ya rimoti iliyo kwenye simu. Nafasi ya kuhifadhi ni gigabaiti 8 tu, na sehemu yake imeshachukuliwa na mfumo wenyewe, kwa hiyo programu usizozitumia zifute.

Kwa wasio na faiba, pigeni hesabu kwanza: filamu ya picha safi yaweza kula gigabaiti 3 kwa saa, na bando la simu halitastahimili.

Antena sikuiondoa. Matangazo ya intaneti huchelewa, na siku ya mechi majirani hushangilia bao wakati kwetu mpira ungali katikati ya uwanja. Kwa hiyo mechi zinazoonyeshwa na vituo vya bure twazitazama kwa antena, na mengine yote kwa kijiti.