UniFi U6+ kwa ofisi ya watu 20

Kwa ofisi ya watu 20 hivi U6+, kifaa cha kurusha Wi-Fi, inatosha, ila usidanganywe na ile kasi ya 2.4 Gbps inayotajwa kwa masafa ya 5 GHz. Tundu lake la waya ni la 1 Gbps, na hapo ndipo mwisho. Tena kasi hiyo hudai chaneli yenye upana wa 160 MHz. Ukifunga vifaa vitatu vitaingiliana tu, kwa hiyo weka 40 MHz. Kwenye 2.4 GHz baki na chaneli 1, 6 na 11. Punguza pia nguvu ya kurusha mawimbi, la sivyo simu itang'ang'ania kifaa ilichokiacha mlangoni. Kifungwe darini. Boksini hamna adapta ya umeme: andaa swichi ya PoE (802.3af), yaani inayopitisha umeme kwenye waya wa mtandao. Ukurasa wa wageni kuingilia unahitaji programu ya usimamizi iwe inafanya kazi muda wote, kero kwa ofisi isiyo na seva.