Rangi ya "kuzuia fangasi": nyota tatu, na zote imezipatia bafuni

Wana Arusha mliopanga hizi nyumba mpya za madirisha ya alminiamu na dari ya jipsamu, hii inawahusu. Naishi Sakina, na mwaka jana mwezi wa sita nilivuta kabati chumbani nitafute hereni iliyodondoka, nikakuta ukuta wote wa nyuma una madoa meusi kama mtu kamwaga pilipili manga, na viatu vyangu vya ngozi vilivyokuwa chini vimeota manyoya ya kijani. Harufu ndo usiseme, ile ya gunia lililolowa.

Nikaenda duka moja la hadiwea, silitaji, nikamwonyesha kijana picha kwenye simu. Hakuuliza hata swali moja, akashusha kopo la lita 4, "dada hii ndo dawa ya fangasi, unapaka unasahau". Elfu 52. Nami nikapaka juu kwa juu, kona ya chumbani na ukuta wa korido ambao nao ulikuwa umevimba kwa chini unatoa chumvi nyeupe. Wiki ya kwanza panang'aa mpaka napiga picha nawatumia watu. Wiki ya tano vidoti vikachungulia tena chumbani, na kule korido rangi ikatoa malengelenge, ukiliminya moja linatoa maji kabisa. Kurudi dukani naambiwa eti hukupaka koti mbili. Nilipaka tatu!

Sasa fundi. Jirani ndo alinipa namba, ni mzee wa Ngaramtoni, alichelewa siku 2 nzima bila hata meseji na hapo nimemkata nusu nyota. Ila alipofika hakugusa brashi. Alikata mfuko wa nailoni vipande viwili kama ukubwa wa sahani, kimoja akabandika kwenye kona ya chumbani kingine korido chini, akaziba pande zote nne na selotepu halafu akaaga, "mama, visibanduliwe, narudi keshokutwa". Mi nikajua hapa nishapigwa tena.

Keshokutwa kaja kweli. Nailoni ya chumbani ilikuwa na matone upande wa huku kwetu, ukiibandua nyuma yake pakavu. Ya korido kinyume chake, juu pakavu, nyuma chapachapa. Akasema hii ya chumbani ni jasho, ni kama soda ukiitoa kwenye friji, yale maji hayajatoka kwenye soda mama, ni mvuke wa hewani umegusa kitu cha baridi. Ya korido maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, na nyuma ya ule ukuta kuna nini? Bafu. Yaani nilikuwa na magonjwa mawili na yule kijana kaniuzia dawa moja, tena ya kupaka.

Korido ilikuwa kazi ya siku moja, akatoa marumaru tatu za bafuni, tukakuta maungio ya bomba yanavuja taratibuuu, akabadilisha. Kilichonichosha ni kusubiri, kakwangua plasta yote mbovu akaniambia hapa hapaguswi wiki tatu mpaka pakauke ndo apige plasta na skimingi, nikabembeleza wageni wanakuja, akakataa katakata. Wageni wakakaa na ukuta uchi.

Chumbani ndo nilipojifunza. Ule ukuta unatazama kusini, na Juni Julai jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo miezi ile ya baridi haupati jua hata kidogo, usiku nyuzi zinashuka mpaka 12 hivi, unalala baridi kama jiwe la mtoni. Sisi huku ndani nguo tunaanika kwenye kamba chumbani maana nje mawingu kutwa nzima, maji ya kuoga yanachemka jikoni mlango wazi, tunalala watu wanne madirisha tumefunga tiii. Mvuke uende wapi? Nyumba ya bibi kule Moshi ina matundu ya ventilesheni juu ya kila dirisha, tulikuwa tunayacheka eti ya kizamani, kumbe! Hii yangu haina hata moja.

Kwa hiyo dawa ikawa ni tundu la bomba la inchi 4 karibu na dari, lina wavu wa mbu, kabati likasogezwa kiganja kizima kutoka ukutani, nguo zikahamia barazani, na asubuhi dirisha linafunguliwa robo saa hata kama baba watoto ananung'unika ndani ya blanketi. Madoa tuliyasafisha kwanza kwa jiki, kikombe kimoja kwenye lita 4 za maji, glavu na barakoa, madirisha wazi, na unasugua pakiwa pameloa, usikwangue pakavu maana ile vumbi yake ndo unaivuta kifuani. Na tafadhali jiki USIICHANGANYE na dawa ya choo wala siki, inatoa gesi ya sumu.

Sasa nisiionee ile rangi. Kilichobaki kwenye kopo fundi alikipaka kwenye dari ya bafu, lakini baada ya kusafisha na kukausha, na mpaka leo halina doa. Kumbe si feki, ilipakwa tu juu ya uchafu na juu ya maji. Rangi nyota 3. Duka 1, na hiyo moja ni kwa sababu walinipa risiti bila kuomba. Fundi 4 na nusu, ingekuwa 5 asingechelewa, ingawa pia alitoboa tundu bila kufunika kitanda nikalala na vumbi la tofali.

Juni ya mwaka huu imepita, kona ile ina vidoti vinne nyuma ya pazia, navifuta. Bomba baba mwenye nyumba kakubali kulikata kwenye kodi. Tundu la sebuleni bado anagoma, anasema namtobolea nyumba.