Nyasi kavu pekee au nyasi na nyongeza: lishe ya farasi wa antiseramu
Farasi anayedungwa sumu ya nyoka kwa dozi ndogo ndogo ili atoe kingamwili za kutengenezea antiseramu, yaani dawa ya kuumwa na nyoka, anaweza kulishwa nyasi kavu peke yake, au nyasi hizo pamoja na nyongeza ya protini, vitamini E na madini ya seleniamu. Njia ya kwanza inaufaa utumbo wake, ulioumbwa kwa ajili ya nyuzinyuzi, lakini nyasi zinapokaushwa hupoteza sehemu kubwa ya vitamini E, na mara nyingi hazina lisini (mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini) ya kutosha. Upungufu huo una uzito, kwa kuwa kingamwili zenyewe ni protini, na kila plazima (sehemu ya majimaji ya damu) inapotolewa mwili hulazimika kuzitengeneza upya, hata kama chembe nyekundu zimerudishwa.

Kwa hiyo naipendelea njia ya pili: lusini (alfalfa, mmea wa malisho wa jamii ya kunde) au soya kwa ajili ya lisini, na angalau yuniti za kimataifa (IU) 500 za vitamini E kwa siku kwa farasi wa kilo 500. Seleniamu ipimwe kwa uangalifu, maana kiasi kinachofaa hakiko mbali na kinachodhuru. Nafaka nyingi, ambazo wengi huzidhania kuwa ndiyo nyongeza yenyewe, huweza kuleta msokoto wa tumbo na uvimbe wa kwato, na farasi mgonjwa hatolewi damu.