Mwaka mmoja na Todoist katika kazi ya kupikia shughuli

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipikia shughuli hapa Dar es Salaam, kuanzia kicheni pati hadi hitma, na kumbukumbu zangu zote zilikuwa katika kaunta buku lililonuka vitunguu swaumu. Mwaka jana nilihamia Todoist, programu ya kuorodhesha na kukumbusha kazi, kwa kuwa karibu kila ninalolifanya wiki hii nililifanya pia wiki iliyopita, na nilichoka kuliandika upya.

Nilichochelewa kuelewa ni kwamba kazi zinazojirudia hazijirudii kwa namna moja. Kodi ya mishahara ya vijana wangu hulipwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na hata nikichelewa mwezi huu, tarehe 7 ijayo haisogei. Oili ya kirikuu, kigari chetu cha mizigo, ni jambo jingine, kwani huhesabiwa tangu siku ilipobadilishwa. Todoist hutenganisha mambo haya mawili kwa alama ndogo mno: ukiandika every (yaani kila), hesabu hufuata kalenda, ukiandika every! yenye alama ya mshangao, hesabu huanza siku ulipoikamilisha kazi. Mimi nilikaa miezi minne bila kuijua alama hiyo, nikawa nakumbushwa kunoa visu nilivyovinoa juzijuzi tu. Maneno hayo ya tarehe nayaandika kwa Kiingereza, kwa sababu programu haielewi "kila Alhamisi", ingawa jina la kazi lenyewe unaliandika kwa lugha uitakayo.

Alhamisi ndiyo siku yangu ya soko. Nimeweka kazi moja kuu, na chini yake kazi ndogondogo: mchele na viungo Kariakoo, kuku Shekilango, samaki Feri. Nikiitia tiki ile kuu, inahamia Alhamisi inayofuata na zile ndogo zote zinarudi zikiwa hazina tiki. Kwa hili peke yake ningeisifu programu hii kwa mpishi mwenzangu yeyote.

Shughuli, hata hivyo, hazifuati kalenda wala hazihesabiwi tangu ile ya mwisho. Zinakuja mteja anapopiga simu. Mwanzoni nilikuwa na orodha moja tu ya shughuli, ambayo niliifuta tiki zake kila tulipomaliza kazi moja na kuanza nyingine. Jumamosi moja tukapata shughuli mbili, Tabata na Kigamboni. Msaidizi wangu alitia tiki kwenye sahani baada ya kuhesabu za Tabata, nami nilipoiona tiki hiyo nikaamini za Kigamboni zimeshapakiwa. Tulipofika ng'ambo ya daraja tukakuta sahani 60 hazipo. Kosa lilikuwa letu, lakini nilijifunza kwamba orodha moja haiwezi kuhudumia shughuli mbili kwa wakati mmoja.

Siku hizi nina mradi mmoja, yaani orodha kamili ya kazi ndani ya Todoist, ambao ni kiolezo cha kunakiliwa tu, usioguswa, na kila mteja anapolipa advansi naunakili na kuupa jina la mtaa na tarehe ya shughuli. Toleo la bure lina kikomo cha miradi 5, kwa hiyo shughuli ikiisha nakala yake naiondoa. Programu inaweza pia kuhifadhi kiolezo chenye tarehe zinazojihesabu tangu siku unapokiingiza, lakini kwangu utaratibu huo haufai: kicheni pati huagizwa wiki tatu kabla, ilhali hitma huenda nikaambiwa leo ikafanyika keshokutwa. Kwenye kiolezo sikuweka tarehe hata moja. Naziweka kwa mkono kwenye nakala.

Tabia iliyonigharimu kuijenga ni kurudi kusahihisha kiolezo chenyewe, maana tukiwa ukumbini ni rahisi kuongeza kitu kwenye nakala, nacho kikapotea pamoja nayo. Sasa nafanya hivyo usiku uleule, kabla sufuria hazijakauka. Mstari wa mwisho kuongezwa, ambao ni wa 43, unasema: uliza kama ukumbini kuna maji.